Jinsi ya kupima ukweli wa dai la hifadhi linalotokana na mateso ya kidini

Kosa baya kuliko yote kwa afisa anayehoji ni kumgeuza mwombaji hifadhi kuwa mtahiniwa wa katekisimu. Maswali kama "Taja vitabu vya Agano Jipya kwa mpangilio" hujibiwa vizuri na yeyote aliyekariri wiki iliyopita, na humkwamisha mlokole aliyeamini kwa siri, bila Biblia ya kwake. Mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2004 kuhusu madai ya kidini unatahadharisha jambo hilohilo: kuijua dini kwa kina si lazima kuendane na imani ya kweli.

Tuchukue Mpentekoste kutoka Eritrea. Kabla ya mahojiano, soma hali ya nchi. Tangu 2002 serikali inatambua makundi manne tu: Orthodox, Katoliki, Kilutheri na Uislamu wa Sunni. Waumini wengine husali majumbani. Wakikamatwa hufungwa bila kesi, baadhi yao ndani ya makontena ya chuma, na wapo waliotakiwa kutia saini karatasi ya kuikana imani ili waachiwe. Haya yasiingie ndani ya maswali yako. Ukiyataja wewe kwanza, jibu halina tena thamani.

Suala la mkalimani limalizwe mapema. Jamii ya Waeritrea uhamishoni ni ndogo, na mtu hatafunguka mbele ya anayehofia atapeleka maneno. Muulize siku ya kujiandikisha, mkalimani huyo akiwa hayupo, kama ana pingamizi.

Kwenye mahojiano anza kwa upana: "Nieleze ulivyofika kwenye imani hii." Mwache aseme bila kumkatiza, ndipo uingie ndani. Mlikutana kwa nani? Mlijuaje siku imebadilishwa? Mliimba kwa sauti gani, na jirani je? Mgeni alipokelewaje? Aliyekuwepo huwa na vijambo vidogo ambavyo havimo kwenye ripoti yoyote.

Angalia tarehe. Mtu aliyelelewa katika Kanisa la Orthodox anaweza kuhesabu kwa kalenda ya Ge'ez, iliyo nyuma ya kalenda ya kawaida kwa miaka 7 au 8 kulingana na mwezi. "2007" kwenye fomu na "2015" kwenye mahojiano huenda ni mwaka uleule. Kila unapoona mgongano, mwoneshe mwombaji na umpe nafasi ya kuueleza. Usipofanya hivyo, usiutumie dhidi yake.

Barua ya mchungaji ipime kwa alichokiona mwenyewe: amemjua mwombaji tangu lini, na alishuhudia ubatizo au aliambiwa tu? Usiwasiliane kamwe na mtu yeyote Eritrea kuihakikisha.

Aliyeokoka akiwa ukimbizini huhitaji maswali zaidi: kwa nini wakati ule, na nani nyumbani ameshajua? Hata ukiona aliigiza, kazi haijaisha, kwa sababu hatari hutegemea vilevile serikali ya kwao itamchukuliaje. Na usimwambie akarudi asali kimyakimya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa wazo hilo tarehe 5 Septemba 2012, katika kesi ya wafuasi wawili wa jumuiya ya Ahmadiyya kutoka Pakistan.

Katika uamuzi, tenganisha hoja: je, ni muumini, je, alikamatwa, je, anajulikana? Hoja moja ikianguka, nyingine zisianguke nayo. Penye shaka baada ya juhudi za kweli za pande zote mbili, na maelezo kwa jumla yakiaminika, mpe faida ya shaka. "Hakunishawishi" si sababu. Andika swali, jibu lake, na ukurasa wa kumbukumbu za mahojiano.