Kabla hujaondoka Mwanza kwenda umisionari: jiandae na majira yatakayobadilika

Tangu nirudi Mwanza, vijana watatu wa makanisa ya huku Nyakato na Igoma wamenijia kwa nyakati tofauti na swali lilelile: wabebe nini? Kanisa limekubali kuwatuma nje ya nchi, tarehe inakaribia, na akili yote iko kwenye begi. Huwa nawaambia begi tutalifunga jioni moja. Lililo gumu ni kujiandaa kwa kazi ambayo baada ya miaka miwili mitatu haitafanana na ile waliyowekewa mikono kuifanya. Mimi niliondoka mwaka 2017 na familia yangu kwenda Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, nikafundishe katika shule ndogo ya Biblia. Nimerudi 2025, na ualimu wenyewe haukufika hata nusu ya miaka hiyo.

Sisi wa kandokando ya ziwa hili tunayo mifano yetu. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, alifika Buganda mwaka 1878 akiwa na vifaa vyake na mipango yake. Mwaka 1887 akalazimika kuondoka, akahamia Usambiro, upande wetu huu wa kusini, akaendelea na kutafsiri Maandiko na kazi za karakana mpaka homa ilipomuua mwaka 1890. Na asidhani mtu kwamba umisionari ni mambo ya Wazungu tu. Apolo Kivebulaya, Mganda, aliingia Boga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alipokaribia kufa mwaka 1933 aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kuliko na msitu na watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia, badala ya mashariki alikotoka.

Jambo la kwanza, basi, ni kuzungumza na kanisa linalokutuma kuhusu mabadiliko kabla hayajatokea. Kaa na mchungaji na kamati, muulizane waziwazi: kazi ikigeuka, nani anaamua niendelee au nirudi? Mwenzi wangu akiugua, nani anapigiwa simu usiku? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na zitiwe sahihi. Nasisitiza maandishi kwa sababu wachungaji huhamishwa na wazee wa kanisa humaliza vipindi vyao. Mwaka wangu wa nne, aliyekuwa anasoma barua zangu madhabahuni alihamishiwa mkoa mwingine, na aliyekuja hakuwahi kuniona uso. Hakuwa na ubaya wowote, ila hakunijua. Ahadi za waumini nazo hufuata mkondo huohuo. Wanaoahidi kwa machozi siku ya kuagana, wengi hulegea baada ya mwaka wa pili, kwa sababu ada za shule zinawabana na maisha yanaendelea. Usiwahukumu. Panga bajeti yako ukijua hivyo, na uwe na watu watatu au wanne ambao uhusiano wenu hautegemei tangazo la kanisani.

Nyaraka na afya nitapita haraka. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja nayo, vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa watoto na vya shule vitolewe nakala na moja ibaki kwa ndugu unayemwamini. Ulizia ubalozini ni kibali gani hasa kinamruhusu mtumishi wa dini kukaa na kufanya kazi. Kule Msumbiji mgeni mkazi hubeba kitambulisho kiitwacho DIRE, na kukihuisha ni kazi ya kila mara inayotaka fedha na subira. Na kwa kuwa umekulia Kirumba au Igombe, usidhani malaria huiogopi tena. Lala ndani ya chandarua.

Lugha inataka maelezo zaidi, kwa maana hapo ndipo majira ya kwanza humvunja mtu. Hapa nyumbani ulikuwa unahubiri na watu wanasema amina. Kule nilishindwa kununua chumvi. Nampula mjini Kiswahili hakikunifaa. Ofisini ni Kireno, sokoni na kanisani ni Kimakua. Kwa mwezi wa kwanza nilikuwa naketi kila asubuhi karibu na mama mmoja muuza karanga, daftari magotini. Nanyoosha kidole, anataja, naandika, nasoma, anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kapulana, kitenge chake, kisha ananirudisha mwanzo. Siku moja akanionyesha mbingu akasema Muluku. Nilielewa kabla hajaeleza, kwa sababu bibi yangu alikuwa anasema Mulungu. Nikaliandika kwa herufi kubwa, ukurasa mzima, neno hilo moja.

Kwa hiyo kubaliana na kanisa lako kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujifunza, na kwamba hawatakudai hesabu ya waliobatizwa. Mwambie na mwenzi wako. Mwanamume aliyezoea kuitwa mtumishi na kupewa kiti cha mbele anapogeuka mtoto wa kufundishwa kusalimia, hasira yake huishia nyumbani, na anayeipata ni mke. Sisi yalitupata hayo, na yalitulia tulipoanza kujifunza pamoja kwenye daftari moja.

Halafu kuna wazazi. Watu huogopa kulisema hili wakati wa kuaga, wakiona ni uchuro, nami naomba uliseme. Keti na baba na mama, na mkubwa wa ukoo awepo, mwulizane: likitokea la kutokea nikiwa mbali, msiba uningoje au usiningoje? Sisi Wasukuma msiba ni wa jamii nzima, na mtoto wa kiume asiyeonekana kaburini maneno hayamwishi. Baba yangu alifariki nikiwa Nampula. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Nilisafiri kwa mabasi kupitia Malawi, nikavuka mpaka pale Kasumulu, nikapita Mbeya na Singida, nikafika wameshazika siku mbili zilizopita. Kilichoniokoa ni kwamba baba mwenyewe, kabla sijaondoka, alikuwa amewaambia ndugu zake mbele yangu: huyu asingojwe, na asisemwe. Baba mdogo alisimama akalirudia neno hilo uwanjani, watu wakiwa wameketi kwenye maturubai. Sijui ningebebaje miaka iliyofuata bila kauli ile.

Kuhusu watoto, ongeeni nao kama watu wanaohama, maana kwao huko ndiko kutakuwa nyumbani. Fuatilia mapema namna vyeti vyao vitakavyotambuliwa mkirudi. Kwa masomo ya sekondari ya nje, wanaolinganisha vyeti ni Baraza la Mitihani. Na Kiswahili mkizungumze mezani kila siku bila kuchoka. Mdogo wetu aliondoka na miaka mitatu, na angekisahau kabisa kama mama yake asingekuwa mkali.

Sasa mabadiliko ya kazi yenyewe. Oktoba 2017 mapigano yalianza Mocímboa da Praia, katika mkoa jirani wa Cabo Delgado. Kufikia 2020 familia zilizokimbia zilikuwa zinamiminika Nampula, na kambi ikafunguliwa Corrane. Shule yetu ya Biblia ilisimama, madarasa yakalaza watu. Nilinung'unika moyoni, nakiri hilo mbele ya Mungu: mimi ni mwalimu, nani atawafundisha wanafunzi wangu? Kisha siku moja nikiwa nagawa mablanketi nikasikia mzee mmoja anamwambia mkewe kwa Kiswahili, "Huyu ana uso wa watu wa Tanganyika." Alikuwa ametoka Palma, mji wa pwani ya Cabo Delgado. Watu wa pwani ile, wasemao Kimwani na Kimakonde, wengi wao wanakijua Kiswahili. Lugha niliyokuwa nimeiweka kando kwa miaka mitatu nikidhani haina kazi huko ndiyo iliyoketi nami kwenye mkeka na wafiwa, wakinieleza walichokiona. Wengi walikuwa Waislamu. Nilisikiliza zaidi kuliko nilivyosema.

Unajiandaaje na jambo usiloliona? Mimi nashauri haya. Andika sasa, kwa sentensi mbili, Mungu amekuitia nini, na hakikisha hakuna jina la jengo wala cheo ndani yake. Ukiandika "kufundisha shule fulani", shule ikifungwa umebaki bila wito. Pia soma Matendo ya Mitume sura ya 16 polepole: Paulo anazuiwa Asia, anazuiwa Bithinia, ndipo anafika Makedonia. Na mjadili mapema dalili zitakazowafanya muondoke kwa usalama, nani atatoa amri, na kila mtu atabeba nini. Uamuzi wa namna hiyo haufanyiki vizuri usiku wa hofu.

Kukabidhi kazi ni majira mengine ambayo wengi hatuyapangi. Weka mwaka wa kukabidhi kabla hujafungua mlango wa kwanza. Yohana Mbatizaji alisema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Alikuwa anazungumza juu ya Kristo, lakini mmisionari asiyejizoeza kupungua mbele ya mwenyeji atakuwa mzigo. Shule ilipofunguliwa tena, mwanafunzi wetu wa zamani ndiye aliyekuwa mkuu. Alipanga ratiba tofauti na yangu, na baadhi ya masomo niliyoyapenda akayatoa. Nilimpa funguo na daftari la hesabu, nikaketi nyuma. Iliniuma kwa miezi kadhaa. Leo shule ina uhai kuliko nilivyoiacha, na ameipanga kwa namna watu wake wanavyojifunza.

La mwisho ni kurudi, ambalo nilidhani halihitaji maandalizi. Wiki ya pili baada ya kufika nilikwenda Sengerema kumsalimu baba mdogo. Pale Usagara nikanunua mahindi mawili ya kuchemsha, nile tukisubiri kivuko Kigongo kama ilivyokuwa siku zote. Basi halikusimama. Lilipanda Daraja la John Magufuli, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, na kabla sijamaliza kumenya hindi la kwanza tulikuwa Busisi, ng'ambo ya pili. Abiria wengine walikuwa wanaangalia simu zao. Mimi machozi yalinitoka, wala sikuweza kumweleza jirani yangu sababu. Nilifurahia daraja. Ila niliona kwamba watu wangu wamekuwa na miaka minane ambayo mimi simo.

Kwa hiyo panga kurudi kabla hujaondoka. Omba kanisa likupe miezi mitatu bila zamu ya kuhubiri. Weka akiba ya kodi ya nyumba ya miezi sita, isiguswe. Na chagua mtu mmoja, asiwe mchungaji wako wala ndugu yako, atakayekusikiliza ukirudi bila kuhitaji ushuhuda wa kusomwa Jumapili. Jina lake liandikwe kwenye zile kumbukumbu za kikao. Mmoja wa wale vijana anaondoka Januari. Kwenye nafasi hiyo ameandika jina langu, nami nimekubali.