Disertasiyo: jibu kwanza mu Kiswahili, Kifaransa itafuata

Badogo yangu benye banangoja Exetat, ile mtihani ya serikali ya kumaliza sekondari mu Kongo, tuongee kidogo juu ya disertasiyo, ni kusema insha ya Kifaransa, maana njo inakuyaka ya kwanza, mu hors-session (sehemu ya mbele ya session yenyewe), na njo batu banaiogopaka sana. Mu session yenyewe unachaguaka tu jibu moja kati ya zile bamekuwekea, lakini hapa ni weye, biki yako na karatasi nyeupe.

Miye ilinianguka kichwani ningali ku masomo. Mwalimu alitupa swali: je, inafaa kukataza makala (makaa ya kupikia) mu Goma? Nikajaza paji tatu mbio mbio, makala inatoka wapi, inachomwa namna gani, gunia inabebwa na nani. Akanirudishia na 3 juu ya 10 na maneno mbili ya biki nyekundu: hors sujet, ni kusema uko nje ya swali. Nilikasirika weee, lakini nilisoma tena nikaona ni kweli, hakuna mahali nilijibu ndiyo ao hapana.

Kwa hiyo mbele ya kuandika Kifaransa, sema jibu yako mu Kiswahili, sentensi moja tu, kama vile unamujibu mama jikoni: "Hapana, haifai kuikataza kama batu habajapata moto ingine ya bei ndogo." Kama huwezi kuisema hivyo, Kifaransa haitakuokoa, itakusaidia tu kujificha.

Kisha tafuta sababu mbili ao tatu, kila moja na paragrafu yake. Hapa njo pa kuharibikia. Angalia hii:

"Makala inaharibu msitu. Tena moshi inaumiza macho. Bamama bengi banaishi juu ya kuiuza. Serikali ifanye kitu."

Bitu ine, hakuna hata kimoja umeeleza. Ni chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, yenye bamepakia magunia, mbao na bidoni ya maji bila kufunga kamba, ku mteremko ya kwanza yote iko chini. Chukua kimoja:

"Familia mingi habana moto ingine. Maharage inakaa ku mbabula (jiko ya makala) masaa mingi, na umeme inaweza kukatika sufuria haijachemka. Mama mwenye ameloweka maharage yake usiku, kesho asubuhi atapikia nini? Ukikataza makala bila kumupa kitu ingine, atainunua kwa kujificha, na bei itapanda."

Ya kwanza inasema wazo, ya pili inaeleza, ya tatu inaonyesha mutu, ya mwisho inarudi ku swali. Ile ya mwisho batu banaisahauka, na mwenye kusahihisha njo anaitafutaka.

Na msitu? Usiufiche. Paragrafu ingine ukubali kabisa kama miti ya parki ya Virunga inakatwa, parki yenyewe iko tangu 1925, kisha ujibu. Ukiruka hoja yenye nguvu ya ule mwenye anakupinga, msomaji atazani huijui.

Utangulizi miye naandikaka mwisho, ku karatasi ya kujaribia, juu pale njo najua nimesema nini. Sentensi ine inatosha: kitu cha kuonekana (gunia ya makala ku soko), swali, na njia yenye utapita. Na tafazali, ile "De nos jours, dans le monde où nous vivons" uiache, kwani kuna mwenye anaishi mu dunia ingine?

D'abord, ensuite, enfin, hazina shida. Lakini "par conséquent" (kwa sababu hiyo) iweke kama kweli kitu kimezaa kingine, si kuitupa kila mahali kama chumvi.

Konklusiyo ni ile sentensi ya jikoni kwa maneno ingine, bila wazo mpya. Bakisha dakika kumi ya kusoma tena polepole, ukisongesha midomo tu bila kusumbua jirani, na mahali pumzi inaisha mbele ya sentensi kuisha, weka nukta.