Vita vikiisha mnaanzia wapi? Mwongozo kwa watu wa kanda ya ziwa

Sisi wa Mwanza tunapenda kusema kwetu ni amani tu, na ni kweli, ila vita tumekaa navyo jirani muda mrefu sana. Wazee wanakumbuka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivyoingia na kukalia ile sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, mpaka wanajeshi wetu wakaingia Kampala Aprili 1979. Waliokuwa na akili 1994 wanakumbuka miili ya waliouawa Rwanda ikishuka na mto Kagera kuingia ziwani, watu wakaogopa kula samaki, na mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo watu kama 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Na leo dagaa wanaopakiwa soko la Mwaloni Kirumba wanafika mpaka Congo na Burundi, kwa hiyo kule kukichafuka na huku mifuko inatikisika.

Naandika haya kwa vijana wanaofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Kigoma, kwa viongozi wa dini, wenyeviti wa mitaa na vijiji, na kwa ndugu zetu Warundi na Wakongo wanaojiandaa kurudi makwao. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: mkataba unasainiwa hotelini lakini watu wanarudi kuishi shambani, kisimani, sokoni na msibani, na huko ndo kazi yenyewe iliko.

Angalia nani hayupo kikaoni

Mwaka 1996, mwaka uleule meli ya MV Bukoba ilipozama, Mwalimu Nyerere aliwakutanisha hapahapa Mwanza vyama viwili vya Burundi, FRODEBU na UPRONA, Aprili halafu tena Juni. Waliokuwa porini na bunduki hawakuwepo. Mazungumzo hayakufika mbali na Julai mwanajeshi Pierre Buyoya akachukua nchi kwa mapinduzi. Baadaye ukaja mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, Mandela ndo alikuwa msuluhishi maana Mwalimu alishafariki Oktoba 1999, na pale napo makundi mawili makubwa yenye silaha hayakusaini, vita vikaendelea mpaka CNDD-FDD walipokubali 2003 na FNL 2006. Miaka yote hiyo watu wanakufa huku mkataba upo.

Kwa hiyo hata kwenye kijiji kimoja, kabla hujaita kikao, kaa na watu wawili watatu muandike majina ya wote wenye uwezo wa kuharibu. Mwenye silaha, mwenye ng'ombe wengi, tajiri wa mitumbwi, mganga anayesikilizwa, yule mama ambaye akisema hatutoki sokoni basi wanawake wote hawatoki. Hata kama unamchukia, hata kama mikono yake si misafi, asipokuwepo ndani atakuwepo nje, na nje ndo atakapowasumbua. Kumwita kwenye kikao sio kumsamehe, hilo lielezwe wazi kwa waliopoteza watu wao, tena waelezwe kabla, wasije kumkuta tu amekaa pale.

Bunduki na vijana wake

Hapa nitapita haraka maana kazi kubwa ni ya serikali na majeshi, raia usiende kukusanya silaha mwenyewe. Ila kuna mambo mawili ya kuyajua. Msumbiji baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 silaha zilibaki zimefukiwa kila mahali, makanisa chini ya Askofu Dinis Sengulane wakaanzisha mwaka 1995 mpango wa mtu kuleta bunduki anapewa jembe, cherehani au baiskeli, na watu walileta. Mabomu ya ardhini nayo yalichukua muda mrefu, nchi ilitangazwa kuwa safi mwaka 2015, na baadhi ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa hapa kwetu Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo.

La pili ni wivu. Ukimpa mpiganaji wa zamani vifaa na mafunzo, na yule aliyechomewa nyumba hapewi kitu, umepanda ugomvi mpya. Gawa nafasi za mafunzo kijiji kizima, nusu kwa waliopigana nusu kwa walioumizwa, wakae darasa moja. Na usisahau wasichana. Sierra Leone walinyang'anya silaha wapiganaji zaidi ya 70,000 lakini wasichana wengi waliokuwa porini waliachwa nje kwa sababu hawakuwa na bunduki ya kukabidhi, wakati walibebeshwa mizigo, walipikishwa, walibakwa, wakarudi na watoto mgongoni bila mtu wa kuwapokea. Hili linaniuma sana. Ukiandika orodha ya watu wa kusaidiwa usiulize bunduki iko wapi, uliza ulikuwa wapi na ulikuwa unafanyishwa nini.

Ardhi, hapa kaa sana

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu, fanya hili. Watu wanakimbia, wengine wanaingia kwenye mashamba yao, wanalima, wanazaa, wanazikana pale, halafu baada ya miaka mwenye shamba anarudi na mwenye kukaa naye hana pa kwenda. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikaa Tanzania miaka zaidi ya 30, Ulyankulu, Katumba, Mishamo, wengine wakapewa uraia wetu na wengine wakarudi, na waliorudi kusini mwa Burundi walikuta shamba lina familia nyingine ambayo kwa upande wake nayo haikuiba, ilipewa na serikali. Unaona ugumu? Wote wawili wana haki na shamba ni moja.

Namna ya kufanya ni hivi. Usianze na makaratasi, maana karatasi zimeungua au zina upande mmoja tu. Anza kwa kutembea. Chagua siku asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, wawepo wahusika wote wawili, majirani wa pande zote nne za shamba, wazee, na hasa wawepo wanawake waliokuwa wakichota maji na kuokota kuni eneo lile na wanaume waliochunga ng'ombe pale wakiwa watoto, hao ndo wanajua mpaka kuliko hata wenye shamba. Tembeeni pole pole. Kila mnapofika kwenye alama mnasimama, jiwe kubwa, korongo, kichuguu, mti wa mwembe, mnauliza "hapa ni nini?", anayejibu jina lake linaandikwa, anayepinga jina lake linaandikwa pia na sababu yake. Mkikubaliana kipande, hapohapo chimbeni mashimo pandeni minyaa, kila upande upande miche yake kwa mkono wake, na mtu apige picha kwa simu wahusika wamesimama kwenye ile alama. Mkishindwa kipande fulani msilazimishe, ruka, nenda mbele, mtarudi. Mara nyingi mkimaliza kuzunguka mnakuta sehemu yenye ubishi ni ndogo kuliko walivyodhani wote.

Halafu muhtasari uandikwe siku ileile, usomwe kwa sauti kwa lugha wanayoielewa, watu watie saini au dole gumba, nakala mbili. Hapa kwetu sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba na watatu kati yao wawe wanawake, na mimi naona ukienda nchi nyingine chukua wazo hilohilo maana wajane ndo wanaonyang'anywa kwanza. Mjane asisimamiwe na shemeji yake kwenye kikao. Asimame mwenyewe, na kama anaogopa kusema mbele ya watu basi wanawake wawili wa baraza wamfuate nyumbani wamsikilize.

Kama haiwezekani kabisa kurudisha shamba lote, kugawana au kumtafutia mmoja eneo lingine kunaweza kufaa, lakini liwe ni jambo walilokubali wenyewe. Maamuzi ya haraka yanayotoka juu na kubadilishwa kila akija mkubwa mpya ndo yanayofanya watu walale na panga chini ya kitanda.

Ukweli na haki, bila kulazimisha mtu asamehe

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha kuanzia miaka ya 90 mpaka mwisho wa 2015 iliwashtaki watu 93 tu, wakubwa, na ilifanya jambo kubwa sana kwenye kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya, Septemba 1998 kwa kukubali kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Lakini waliofanya mauaji mitaani walikuwa wengi mno, ndo ikaja gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyosikiliza kesi karibu milioni 1.9 mpaka yalipofungwa 2012. Yalikuwa na kasoro zake, mashahidi wengine walitishiwa na hata kuuawa, ila watu wengi walijua kwa mara ya kwanza mpendwa wao alitupwa wapi, wakamchimbua wakamzika kwa heshima. Kwa mtu aliyefiwa hilo ni kubwa kuliko miaka ya kifungo.

Kwenye kikao chenu cha kijiji fuateni haya. Aliyeumizwa asikilizwe kwanza faragha, achague mwenyewe kama atasema hadharani. Kesi za kubakwa zisiwekwe chini ya mti mbele ya kijiji, hata siku moja, zipelekwe polisi na hospitali na mama huyo asindikizwe. Makosa mazito ya kuua ni ya mahakama, ya kijiji ni mifugo, nyumba, mali, matusi, na kusema ukweli wa yaliyotokea. Na asiwepo mchungaji au shehe anayemwambia mjane "samehe mama yaishe". Mwambie pole, mwulize anataka nini ili aweze kukaa jirani na yule mtu. Wengine wanataka bati la paa, wengine wanataka tu yule mtu aseme jina la marehemu kwa mdomo wake.

Soko na mwalo

Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1993 koo zilikuwa zinauana na hata sokoni wanawake wa ukoo huu hawauzi kwa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakaanza kwa kukubaliana kitu kimoja tu, kwamba soko ni la wote, yeyote aje auze na anunue, wakaweka kamati yao ya kusimamia hilo. Kutoka hapo wakawavuta wazee mpaka wakaweka makubaliano ya koo zote, halafu vijana. Walianza na nyanya na maziwa.

Kwetu ziwani kitu hicho ni mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kama jamii mbili zinashusha samaki sehemu moja, BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, iwe na watu wa pande zote, mizani iwe moja, zamu ya kushusha iandikwe ubaoni. Atakayefaa kuanza naye ni mama anayeanika dagaa, siku moja tu dagaa wakioza kwa sababu ya ugomvi hasara ni yake. Na jamani, posho. Mradi unaolipa watu waje kukaa kwenye semina ya amani ukiisha na amani inaisha. Toa chakula, ugali na samaki, watu wale pamoja, pesa weka kwenye kisima au zahanati ya pamoja.

Maneno, na kujua mapema

Mkataba wa Arusha wa Rwanda ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993, na redio RTLM ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwezi mmoja kabla yake, ikiwaita Watutsi mende. Waanzilishi wake wawili walikuja kuhukumiwa Arusha Desemba 2003, lakini watu walishakufa. Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, Kisumu hapo ng'ambo ya ziwa kukateketea, na meseji za chuki zilikuwa zinazunguka kwenye simu mpaka Kofi Annan na Rais Kikwete walipowakalisha Kibaki na Raila wakasaini tarehe 28 Februari 2008.

Kila upande uteue watu wawili wenye simu, wanajuana, wanapigiana muda wowote hata saa nane usiku. Ikija voisi kwenye grupu kwamba wamemuua mtu wetu, hao wanne wanapigiana, mmoja anakwenda mwenyewe eneo la tukio, na hakuna kusambaza chochote mpaka arudishe jibu. Ikiwa ni kweli semeni ni kweli, mkificha mara moja hamtaaminiwa tena.

Na jifunzeni kuangalia dalili. Watu wanapeleka watoto kwa bibi katikati ya muhula. Soko linafungwa mapema. Mtu anauza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Mimi dalili ninayoiamini kuliko zote ni msiba: wa upande wa pili wamekuja? Wamekaa muda gani, wamekula, wamechangia, wamebeba jeneza? Siku mnaona msiba una watu wa upande mmoja tu, msisubiri tukio lingine, iteni kikao wiki hiyohiyo.

Mikutano ya kukagua iwekwe kwenye kalenda, mmoja kabla ya msimu wa kulima maana hapo ndo mipaka inasumbua, mwingine miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wowote. Mwandishi awe kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na daftari liwe mawili, kila upande likae moja. Makubaliano yakivunjwa, na yatavunjwa, kutaneni palepale mlipokubaliana, ndani ya siku tatu, na watu walewale waliotia saini, mfungue ukurasa husika msome kwanza kabla mtu yeyote hajaanza kulalamika.