Kuhariri picha ya Lamu kabla ya kuiposti

Simu haioni kama jicho. Ukisimama ufukweni Shela, Lamu, saa sita mchana, jicho linapokea kwa pamoja uso wa mwenzako, mchanga mweupe na mawingu. Kamera inabidi ichague: ikipima mwanga wa anga, uso unakuwa giza, ikipima uso, mawingu yanatoweka. Ndiyo maana wengi huigusa picha kwanza. Kurudisha ulichokiona si udanganyifu.

Kazi huanza wakati wa kupiga. Gusa kwenye kioo pale penye mwanga mkali zaidi, iwe ukuta wa chokaa au tanga la jahazi, kisha shusha mwangaza kidogo. Penye giza patang'arishwa baadaye. Palipoungua pakawa peupe kabisa hapana kitu cha kurudisha.

Fungua picha kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, nyoosha kwanza mstari wa bahari. Milango ya nakshi ina shida yake: vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, huna pa kurudi nyuma, unaelekeza simu juu na miimo ya mlango inaegemeana. Kifaa cha kurekebisha mtazamo huisimamisha, ila hukata kingo za picha. Kwa hiyo piga ukiacha nafasi pembeni.

Halafu mwanga. Vipimo huenda kutoka -100 hadi +100. Shusha penye mwanga mkali hadi -30 au -40, pandisha vivuli +20 hadi +35. Ukipita +50, hasa kwa picha ya jioni, zinatokea chengachenga, kwa sababu giza lile halikuwa na mwanga wa kutosha tangu mwanzo.

Kichochoroni jua halifiki. Mwanga unatoka angani, na picha huwa na ubuluu. Ongeza joto la rangi +10 au +15. Machweo yaache yalivyo, yana joto lake tayari. Ukolezi wa rangi +10 unatosha: ukizidi, ngozi inageuka rangi ya chungwa.

Filta za urembo ziache kabisa. Zinang'arisha ngozi ambayo haikuwa na kasoro, na kilainishi kikipita mkononi kinafuta mistari myembamba ya hina na piko, kazi ya saa nzima ya mpakaji.

Usiharirie juani. Kioo huonekana hafifu, utaongeza mwanga kupita kiasi. Kaa kivulini, na uzime ile hali ya usiku inayotia kioo manjano.

Kama nyuma amepita mama na buibui lake, muombe ruhusa au mkate nje ya picha.

Kwa Instagram, hifadhi pikseli 1080 kwa 1350. WhatsApp hubana picha ikapoteza ukali. Itume kama dokumenti. Lakini dokumenti hubeba pia taarifa za mahali ulipopigia, kwa hiyo kama ni nyumbani kwako, zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.