Jinsi ya kutofautisha "borrow" na "lend" hatua kwa hatua

Wanaotafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hukwama mara nyingi kwenye vitenzi hivi viwili, kwa kuwa kitenzi chetu cha kuazima hubeba pande zote mbili za tendo.

Hatua ya kwanza ni kuandika sentensi mbili za Kiswahili: "Niazime kalamu" na "Nimeazima kalamu kwa Juma." Kitenzi ni kilekile, katika ya kwanza kiambishi "ni-" kinamtaja mpokeaji, na katika ya pili "kwa" inamtaja mwenye mali. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili.

Hatua ya pili ni kuuliza kiima cha sentensi kinatoa au kinapokea. Kikitoa, kitenzi ni "lend": "Juma lent me a pen." Kikipokea, ni "borrow": "I borrowed a pen from Juma." Tukio ni moja, aliyetangulizwa ndiye aliyebadilika.

Hatua ya tatu ni kukagua umbo la sentensi. "Lend" huweza kubeba yambwa mbili, mtu na kitu, ilhali "borrow" hubeba kitu tu, na mwenye mali hufuata baada ya "from". Ndiyo maana "Borrow me your pen", inayosikika sana madarasani, haikubaliki katika Kiingereza sanifu, sema "Lend me your pen" au "May I borrow your pen?"

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kutazama maneno yanayoambatana na kila kitenzi. Kopusi (mkusanyiko wa matini halisi za lugha) ya British National Corpus, yenye maneno yapatayo milioni 100, inafaa sana kwa kazi hii. Tafuta humo "lends itself to": maana yake ni kufaa kwa jambo fulani, na mfasiri atakayeng'ang'ania kuazima ataandika kichekesho.

Hatua ya mwisho ni kugeuza ulinganisho, kwa sababu hapa Kiswahili ndicho chenye utambuzi mkali zaidi. Jembe huazimwa, nalo hurudi lilelile. Fedha hukopwa, na kinachorudi ni thamani yake. Kiingereza hutumia "borrow" kwa vyote viwili, hivyo katika mkataba wa benki "lender" ni mkopeshaji na "borrower" ni mkopaji, kamwe si mwazimaji. Hata jirani anayekuja kwa "borrow some sugar" amekuja kukopa sukari, au kuiomba tu, maana sukari ya kuazima ingebidi irudi ileile baada ya chai kunywewa.