Somo: Kujizalishia malkia wa nyuki, msimu wa muputu (mti wa miombo)

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunatega mzinga mtupu, kundi likiingia tunamshukuru Mungu. Lakini namna hiyo unapokea malkia yeyote, hata yule ambaye watoto wake wanamkimbiza jirani mpaka barabarani. Ukizalisha mwenyewe, unachagua.

Kabla hujashika kisu, elewa hili: malkia hana yai lake la pekee. Yai lilelile linalotoa nyuki mfanyakazi ndilo linatoa malkia, kwa sababu ya malisho, yaani ule ute mweupe wa nyuki walezi, anaopewa kwa wingi mpaka chumba chake kifunikwe. Kazi yetu yote ni kupata jana (mtoto wa nyuki aliye bado kama funza) changa sana, na walezi wengi walioshiba.

Mama. Chagua kundi ulilolifuatilia angalau msimu mzima: lina asali, halihamihami, na ukifungua mzinga kwa moshi kidogo nyuki wanatulia juu ya masega. Asali peke yake isikudanganye.

Wakati. Muputu ukianza kuchanua, mwezi wa tisa, chakula kinaingia. (Tuutunze huo uliobaki, makala, yaani mkaa, yamekwisha kuumaliza kuzunguka mji.) Usianze kabla hujaona majana ya madume yaliyofunikwa, maana madume ndio watakaompanda malkia. Dume anachukua siku 24 toka yai hadi kutoka, halafu karibu wiki mbili za kukomaa. Malkia anatoka siku ya 16, na nyuki wetu wa Afrika wakati mwingine wanawahi kidogo.

Sega. Weka sega jipya, jeupe, lisilo na kitu, katikati ya majana ya mama. Yai linaanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo siku ya nne au ya tano litazame. Jana unalolitaka ni dogo kama alama ya koma, limelala kwenye tone la ule ute mweupe chini ya chumba. Lililojikunja likajaza duara, liache, limechelewa. Malkia wa jana kubwa anatoka mdogo na hatagi vizuri.

Kundi lisilo na malkia. Asubuhi ya siku hiyohiyo, chukua sanduku la kadre tano (fremu za mbao zinazoshika masega). Tia kadre mbili za majana yaliyofunikwa, moja ya asali, moja ya chavua, zote na nyuki wake, kisha kung'utia nyuki wa kadre nyingine mbili za majana machanga, maana hapo ndipo walezi walipo. Hakikisha malkia hayumo, na yai halimo. Sanduku lijae nyuki hadi wafurike. Hapa usifanye ubahili: walezi wachache, malkia dhaifu.

Kukata. Jioni, sehemu yenye kivuli, kata ukingo wa chini wa sega kwa kisu cha moto, upite palepale penye majana machanga. Kwa kijiti cha kiberiti, ponda mawili, acha moja, hivyo hivyo ukingo mzima, ili vyumba visishikane. Liweke katikati ya sanduku na uache nafasi chini, kwa sababu chumba cha malkia kinaning'inia. Chakula cha porini kikiwa haba, wape maji ya sukari, ndani ya sanduku na jioni, vinginevyo unaita wezi.

Kugawa. Siku ya 5 toka kukata, vyumba vimefunikwa. Usitikise kadre. Siku ya 9, isizidi ya 10, kata kila chumba na nta pembeni yake, ncha ikitazama chini, ukipachike kwenye kikundi kidogo cha kadre tatu kisicho na malkia. Ukichelewa, wa kwanza kutoka anawaua wenzake wote. Halafu funga, usifungue wiki mbili: malkia anaruka kupandwa hewani na madume wengi, na ukimsumbua siku hizo unaweza kumpoteza.

Maswali ya wanachama

*Papa, mimi nina mizinga ya magome porini, naweza?* (Kipushi)
Katika hiyo hapana, ndugu yangu, sega halitoki bila kuvunjika. Anza na mzinga mmoja wa vijiti vya juu, si lazima kadre.

*Nikichagua mama mpole, watoto watakuwa wapole?* (Ruashi)
Nusu ya kazi tu, mama. Baba zao ni madume wa kila mzinga wa jirani. Badilisha malkia wakali wote ulio nao, uwape majirani vyumba bure. Mimi nagawa, kwa sababu madume wao ndio watakaopanda malkia wangu.

*Malkia nimtie rangi gani?* (Likasi)
Mwaka ukiishia na 1 au 6, nyeupe. 2 au 7, njano. 3 au 8, nyekundu. 4 au 9, kijani. 5 au 0, bluu. Tone moja dogo mgongoni, baada ya kuanza kutaga.

*Vikundi vyangu vidogo vilihama vyote kabla malkia hajataga. Kwa nini?* (Katuba)
Pole sana. Mara nyingi ni jua, njaa au siafu. Weka kivuli, paka grisi miguu ya meza, na kila kikundi kipe kipande cha majana ambayo hayajafunikwa siku mbili baada ya malkia kutoka, ndiyo mara pekee ya kufungua katika zile wiki mbili. Nyuki hawaachi watoto kirahisi. Ukikuta mayai matatu manne katika chumba kimoja, mara nyingi yametagwa na wafanyakazi, malkia hayupo: unganisha kikundi hicho na kingine chenye nguvu.