Namna ya kukipima chuo cha kati cha binafsi kabla ya kulipa ada: mwongozo kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kwa kawaida mwezi wa Januari, matangazo ya vyuo vya afya, biashara, ualimu na maendeleo ya jamii huanza kubandikwa kwenye nguzo na kuta jijini Mbeya kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, na kule Iringa kuanzia Ipogolo hadi Kihesa. Vingi ni vyuo vidogo vya binafsi, na vimo vinavyofundisha vizuri, ambako mkufunzi anamjua kila mwanafunzi kwa jina. Hata hivyo, tangazo hutaja ada ya mwaka mmoja na tarehe ya mwisho ya kuomba, lisiseme gharama yote hadi kuhitimu wala waliohitimu wako wapi. Kwa sababu hiyo, ni vyema mzazi aanze kuuliza habari za wahitimu, kisha ndipo aingie kwenye udahili na ada.

Swali la kwanza kwa mkuu wa chuo liwe hili: kati ya wanafunzi walioanza mwaka wa kwanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu? Kijana wa kidato cha nne anayeanza ngazi ya NTA 4 (NTA ni ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi) hupitia NTA 5 na kumaliza NTA 6, ambayo ndiyo stashahada, na kila ngazi ina mitihani inayoweza kumbakisha nyuma. Chuo kinachotaja idadi ya waliovaa majoho siku ya mahafali bila kutaja idadi ya walioanza nao kimetoa nusu ya jibu. Uliza pia anayepata sapu, yaani mtihani wa marudio, analipa kiasi gani kwa kila somo, kwa sababu fedha hiyo huwa haimo kwenye tangazo.

Swali la pili ni la ajira, nalo linahitaji uangalifu zaidi. Ukiambiwa kwamba wahitimu karibu wote wako kazini, omba uelezwe wangapi wameajiriwa kwa mkataba na mshahara, na wangapi wanajitolea. Katika sekta ya afya na ualimu, wahitimu wengi hujitolea kwenye zahanati na shule kwa posho ndogo au bila posho, wakisubiri nafasi zitangazwe na TAMISEMI au Sekretarieti ya Ajira. Kujitolea kuna faida yake, maana kijana anapata uzoefu, lakini mzazi aliyeuza shamba la miti ili amsomeshe mwanawe ana haki ya kujua kwamba huenda akaendelea kumlisha na kumlipia chumba hata baada ya mahafali.

Majibu ya chuo yahakikiwe nje ya chuo. Ikiwa chuo kinafundisha famasia, pita kwenye maduka ya dawa muhimu na famasi za mjini uwaulize wanaohudumu walisoma wapi. Ikiwa ni utabibu au uuguzi, nenda kwenye vituo vya afya vya wilaya yako, iwe Rungwe, Mbozi au Mufindi, uzungumze na vijana waliomaliza karibuni. Waulize walikaa muda gani kabla ya kupata kazi, walipata vyeti vyao baada ya muda gani, na kama walipata leseni. Muuguzi hawezi kufanya kazi kihalali bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa hiyo cheti cha chuo peke yake hakimfikishi wodini. Kwa anayetaka kuendelea na shahada baada ya stashahada, fahamu kwamba vyuo vikuu kwa kawaida hudai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0, na mwombaji huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, yaani AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi.

Baada ya hapo ndipo uangalie udahili. Vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, wakati vyuo vikuu viko chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na kila chombo huweka orodha ya vyuo vyake kwenye tovuti. Usitosheke na kuliona jina la chuo kwenye orodha: tafuta kozi yenyewe na mahali inapofundishiwa, kwa sababu chuo chaweza kuwa na usajili halali na bado kikaanza kutangaza kozi ambayo haijaruhusiwa. Kwa cheti cha NTA 4, sifa ya jumla ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini. Kwa utabibu, D hizo lazima zijumuishe Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akitokea wakala wa kukuambia kwamba kijana aliyepata F ya Kemia ataingizwa kwanza na mambo mengine yatarekebishwa baadaye, achana naye, maana majina ya waliodahiliwa huhakikiwa na NACTVET, na asiye na sifa atakuwa amelipa ada bila kutambuliwa. Kijana akishapokelewa, dai uthibitisho kwamba jina lake limeidhinishwa.

Tukija kwenye gharama, fomu ya kujiunga isomwe mstari kwa mstari kabla ya kulipa chochote. Chini ya ada utakuta usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, fedha ya tahadhari (dhamana ya uharibifu), sare, mafunzo kwa vitendo na ada ya udhibiti ubora. Bima ya afya ya wanafunzi kupitia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu. Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo kinachotangaza ada ya shilingi 1,300,000. Michango mingine ikiwa 350,000, bima 50,400, chumba cha 40,000 kwa mwezi kwa miezi kumi 400,000, na chakula cha 4,000 kwa siku kwa siku 300 shilingi 1,200,000, mwaka mmoja unafika 3,300,400, na miaka mitatu ni 9,901,200. Hapo hujaweka nauli, wala blanketi na sweta za baridi ya Juni na Julai, wala kodi ya miezi mitatu au sita ambayo wenye nyumba hupenda kulipwa mbele.

Mafunzo kwa vitendo yastahili swali la peke yake. Uliza chuo kina makubaliano ya maandishi na hospitali gani, na kama wanafunzi watapangiwa mbali, nani atalipia malazi. Chuo kisicho na hospitali yake kinaweza kumpeleka mwanafunzi wilaya nyingine kwa wiki kadhaa, na gharama hiyo humwangukia mzazi bila kutarajia.

Jambo ambalo familia nyingi za wakulima huliacha ni kalenda ya malipo. Muhula wa kwanza huanza karibu na Oktoba, ambapo fedha ya mahindi au kahawa bado inaweza kuwapo. Awamu ya pili huangukia Machi au karibu na hapo, mvua zikiwa bado zinanyesha na ghala likielekea kuisha. Ndipo wanafunzi wanapozuiwa kufanya mitihani. Kabla ya kusaini, omba awamu nne zinazolingana na mavuno yako, na makubaliano hayo yaandikwe na kugongwa mhuri. Usihesabu mkopo wa serikali kabla haujapangwa: HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa kozi za vipaumbele tu.

Malipo yote yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina la chuo au kwa namba ya malipo, kamwe yasipitie simu ya mtu binafsi. Tunza risiti pamoja na nakala ya fomu ya kujiunga inayoonyesha ada, ili chuo kikipandisha ada katikati ya masomo uwe na cha kuonyesha. Ukikwama, peleka nakala hizo, pamoja na barua uliyomwandikia mkuu wa chuo, kwenye ofisi ya NACTVET ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya.